Hesabu za Makampuni Zisiwe Fumbo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatosha kumjibu yeyote adhaniaye kuwa kuweka hesabu ni desturi tuliyoletewa juzi na wageni.

Mnamo 1988 msomi Sidney Gray, akiutumia utafiti wa Mholanzi Geert Hofstede uliochapishwa 1980, alidai kuwa utamaduni wa taifa huathiri jinsi makampuni yatoavyo taarifa za fedha: penye kuwanyenyekea mno wakubwa, usiri huzidi. Hofstede aliitia Kenya kapu moja na Tanzania, Zambia na Ethiopia. Mimi ni mwanaisimu, si mhasibu, lakini kapu hilo lanitia shaka. Katika Bonde la Ufa pekee, mfugaji ambaye mila humkataza kuhesabu ng'ombe wake hadharani ni jirani ya mkulima aliyezoea harambee, ambako kila mchango husomwa kwa sauti, jina na kiasi. Usiri na uwazi vyote ni vyetu. Twachagua tu kipi tukitumie.

Tangu 1999 makampuni ya Kenya yamefuata viwango vya kimataifa vya kuripoti fedha. Hata hivyo, viwango haviamui ni nani atakayeielewa ripoti. Baadhi ya makampuni huchapisha taarifa ya mwenyekiti kwa Kiswahili, ilhali maelezo ya hesabu, ambamo madeni na hatari hufafanuliwa, hubaki kwa Kiingereza. Sifa hutafsiriwa, madeni hayatafsiriwi. Huo nao ni utamaduni, tena wa kukemewa.

Kampuni ya betri ya Eveready iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006. Mwaka 2014 kiwanda chake cha Nakuru kilifungwa. Sisemi kwamba ilificha lolote. Lakini mwenye hisa chache kule Bondeni au Njoro angeufuatiaje mwenendo wa faida na hasara kwa lugha asiyoimudu?

Kiswahili hakina upungufu. Hesabu, hisa, faida, hasara na mizania ni maneno tuliyo nayo, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Walimu wa biashara na wa Kiswahili na washirikiane, wawazoeze wanafunzi kuisoma mizania kwa lugha hii. Anayeombwa fedha zake kwa Kiswahili ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili zilikokwenda.