Bi Halet Çambel, Binti wa Upanga



Kila ikikaribia siku ya michezo ya madrasa, sisi walimu huulizwa na baadhi ya wazazi: mtoto wa kike wa Kiislamu ana haja gani na michezo? Swali hili linastahiki jibu. Imepokewa na Imam Abu Daud kuwa Bi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Bwana Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, mwili ulipomjaa, walishindana tena na Mtume (S.A.W.) akashinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Basi sitara na heshima ni masharti ya mchezo, wala si sababu ya kumnyima binti afya.

Leo tumependa kuwaeleza habari za binti mmoja wa Kituruki, Halet Çambel. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 27 Agosti 1916, baba yake akiwa ofisa wa jeshi katika ubalozi wa dola ya Uthmaniya. Alikuwa mtoto wa kuugua ugua. Wazazi wake, kwa kumhofia, walimvika nguo nzito za sufu na kumchunga asichoke. Mwenyewe alichoshwa na kulelewa kama yai, akaanza mazoezi. Familia iliporudi Istanbul alisoma huko, na shuleni ndipo alipojifunza mchezo wa upanga.

Msidhani ni upanga wa kukatia kuni! Ni chuma chembamba chenye ncha butu. Mchezaji huvaa koti nene jeupe na kofia yenye wavu wa chuma mbele ya uso, na hupata pointi kwa kumgusa mwenzake kwa ile ncha. Mchezo huu hautaki misuli mikubwa. Unataka pumzi, miguu myepesi na jicho lisilodanganyika.

Mwaka 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, na Uturuki ilimpeleka Halet pamoja na mwenzake Suat Fetgeri Aşeni. Wawili hao wanatajwa kuwa wanawake wa kwanza wa Kiislamu kushiriki Olimpiki. Medali hawakupata. Sifa za Uturuki mwaka ule zilitoka kwenye mieleka, ambako Yaşar Erkan alitwaa dhahabu.

Lakini kuna jambo lililotokea nje ya uwanja. Mama mmoja wa Kijerumani aliyewekwa kuwaongoza aliwauliza kama wangependa kupelekwa kwa Hitler, wajulishwe kwake. Wakakataa. Halet alieleza baadaye kuwa hata Ujerumani kwenyewe wasingefika lau si kutumwa na serikali yao. Tukumbuke kuwa vita vikuu vilikuwa bado, na wageni wengi wenye vyeo waliona fahari kupokewa na mtu yule, ingawa tangu mwaka 1935 serikali yake ilikwisha kuwavua Mayahudi uraia. Halet alikuwa hajatimiza miaka 20, tena yumo ndani ya mji wa mwenyewe mwenye nguvu. Sisi tunaiona hapana ile kuwa nzito kuliko medali.

Baada ya hapo alimaliza masomo yake Ufaransa, katika elimu ya kuchimbua mambo ya kale. Kuanzia mwaka 1947 alifanya kazi Karatepe, kusini mwa Uturuki, mahali pa milima na misitu palipofikiwa kwa farasi. Walichimbua ngome yenye mawe yaliyochongwa maneno yale yale kwa lugha mbili, Kifoinike na Kiluwi. Kifoinike wataalamu walikuwa wakikisoma. Kwa kulinganisha, wakapata ufunguo wa ile nyingine, iliyoandikwa kwa picha picha.

Wakubwa walitaka mawe yale yahamishiwe mjini. Bi Halet akakataa tena: yabaki yalipo, yajengewe paa. Akashinda, na kwa muda wa miaka 50 hivi alikuwa akikaa huko karibu nusu ya kila mwaka, akiunganisha vipande kimoja kimoja. Wanafunzi wetu wanaochoka na juzuu moja wamfikirie kidogo mama huyu.

Yule mtoto wa nguo za sufu alifariki Istanbul tarehe 12 Januari 2014, akiwa na umri wa miaka 97. Mawe ya Karatepe yapo pale pale mlimani, chini ya paa lake.