Risasi Si Dawa ya Mbwa Koko

Kila kichaa cha mbwa kinapozuka, wako wanaodai mbwa koko wapigwe risasi. Sisi tunasema risasi si dawa. Wengi wa mbwa wazururao Musoma, Bunda na Butiama wana wenyewe. Na awezaye kuwafunga kamba na kuwafikisha penye chanjo ni mwanafunzi.

Wananchi wa visiwani wanao ushahidi. Pemba ilikitokomeza kichaa hicho kwa chanjo mwaka 2014. Kilipoingia tena mwaka 2016, chanjo ilirudiwa hadi kikatoweka kufikia mwaka 2018. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia.

Basi wanafunzi wanaojitolea wapite nyumba kwa nyumba. Wafundishe pia kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali.

Lakini kujitolea bila dawa ni maneno matupu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008. Ndugu viongozi wa Halmashauri, leteni chanjo kwa wakati, na boti ifike hata Rukuba. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiasisi mwana wa Butiama mwaka 1967, haikuwa ya jembe peke yake.