Ziwa kama Kisiwa: Upekee wa Samaki wa Tanganyika na Lugha ya Kuwahifadhi

1. Utangulizi

Kutoka Rohero, katikati ya jiji la Bujumbura, mwendo mfupi kuelekea magharibi humfikisha mtu kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Kwa samaki, ziwa ni kisiwa kilichopinduliwa, yaani maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Makala haya yanaeleza jinsi utengano huo unavyozaa viumbe wa kipekee. Aidha, yanadai kwamba msamiati unaozoeleka katika mijadala ya uvuvi kwa Kiswahili huweza kuuficha upekee huo na hivyo kudhoofisha ulinzi wake.

2. Jinsi utengano unavyozaa upekee

Kundi dogo la viumbe likitengwa na wenzao, huacha kuzaliana nao. Mabadiliko madogo ya kurithi hujilimbikiza kizazi baada ya kizazi: yanayofaa mazingira hudumu, na mengine huenea kwa bahati tu kwa kuwa kundi ni dogo. Baada ya muda mrefu hutokea spishi mpya. Kima punju asili yake ni Unguja pekee. Popo mkubwa wa Pemba ni wa Pemba tu, na jenasi yake, Pteropus, haina mwakilishi mwingine Afrika bara.

Tanganyika, lenye kina cha takribani mita 1,470 na umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, limefanya kazi hiyo kwa upana zaidi. Lina takribani spishi 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote zisizopatikana kwingineko duniani. Ndani yake mna visiwa vingine: miamba ya ufuoni iliyotenganishwa na mchanga. Samaki wa jenasi Tropheus, wanaokula mwani wa mawe, hawavuki mchanga mpana kwa urahisi. Ndiyo maana rangi zao hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba.

3. Jina moja, viumbe wengi

Neno “dagaa” linaonyesha tatizo la msamiati. Kigoma, hujumuisha spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, zenye nasaba ya samaki wa baharini na ambazo asili yake ni Tanganyika pekee. Mwanza, neno hilohilo humtaja Rastrineobola argentea, samaki wa jamii nyingine kabisa. Kinyume chake, samaki mmoja, Lates stappersii, huitwa mgebuka Kigoma na mukeke Bujumbura. Msomaji wa takwimu za “dagaa” anaweza kudhani kwamba upungufu wa ziwa moja hufidiwa na wingi wa jingine. Kibiashara huenda ikawa hivyo; kibayolojia, sivyo.

Istilahi “samaki wa asili” nayo huwachanganya wanaopatikana katika maziwa mengi na wanaopatikana katika ziwa moja tu. Wa kwanza wakitoweka mahali pamoja, huweza kurejeshwa kutoka kwingine. Wa pili wakitoweka, hakuna pa kuwatoa.

4. Hatari na ulinzi

Ziwa Victoria limekwisha kutoa funzo. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za sikilidi zilikuwa zimetoweka au kuadimika. Kwa upande wa Tanganyika, hatari kubwa ni uvuvi uliokithiri, ongezeko la joto linalopunguza mchanganyiko wa maji na rutuba, pamoja na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti. Udongo huo hufunika miamba na mwani wake. Kwa samaki wa mwamba mmoja, huko ni kuzikwa kwa kisiwa kizima.

Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hatua hiyo huwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaana, lakini haizuii udongo kufika kwenye miamba. Ulinzi wa miamba huanzia mashambani, kwa matuta na miti. Kwamba ulinzi huzaa matunda, Pemba ni ushahidi: popo waliokuwa wamebaki wachache mno mwishoni mwa miaka ya 1980 waliongezeka tena baada ya wanavijiji kushirikishwa kuwahifadhi.

5. Hitimisho

Nyaraka za sera hazina budi kutenganisha “spishi ya asili” na “spishi ya pekee”, na kuandika jina la kisayansi kando ya jina la wavuvi. Sheria hulinda kilichotajwa. Kisichotajwa hupotea bila hata kuhesabiwa.