Mzinga wa Desemba hutibiwa Agosti

Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, wapo wafugaji wa nyuki wa nyuma ya nyumba huko Uingereza wanaofunua mzinga wakakuta konzi moja tu ya nyuki waliokufa, na masega yangali yamejaa asali. Neno la kwanza linalowatoka ni baridi. Mara nyingi baridi inasingiziwa. Nyuki wenye afya hujikusanya kama mpira, malkia akiwa katikati, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka na kupata joto la kuwavusha kwenye theluji. Kinachowamaliza ni utitiri wa varoa, nao huanza kazi hiyo wakati wa jua kali, mwenye mzinga akiwa bado anafurahia asali mpya.

Utitiri huu ni kidudu chenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, bapa kama kaa, upana wake milimita moja na nusu hivi. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, ambao wamezoeana nao tangu zamani. Ulipohamia kwa nyuki wa asali wanaofugwa Ulaya, uliwakuta hawana kinga. Marekani uligunduliwa mwaka 1987, Uingereza 1992, na Australia, iliyojikinga muda mrefu, ikaupata 2022.

Siri yake iko ndani ya vijumba vya sega. Utitiri jike hujipenyeza kwenye kijumba chenye jana, yaani mtoto wa nyuki, muda mfupi kabla nyuki vibarua hawajakifunika kwa nta. Humo gizani hutaga: yai la kwanza ni dume, yanayofuata ni majike, na ndugu hao hupandana humo humo. Nyuki mchanga anapotoboa nta ili atoke, hutoka nao mwilini.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba utitiri hunyonya damu ya nyuki. Mwaka 2019, Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba hasa hula tishu ya mafuta, ile ghala ya nyuki ya kuhifadhi lishe na kupambana na maradhi. Tena humwachia virusi. Ukiona nyuki mchanga anatambaa mlangoni mwa mzinga, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyoloa, jua virusi hivyo vimekwisha kuenea.

Hapo ndipo Agosti inapokutana na Desemba. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi kama wiki sita. Lakini wale wanaozaliwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba wanatakiwa kufika Machi, na akiba yao ya safari hiyo ni mafuta. Aliyenyonywa akiwa bado kijumbani huzaliwa maskini, na hakuna dawa ya Desemba itakayomrudishia alichopoteza.

Kwa hiyo hesabu hufanywa mara baada ya kuvuna asali. Chota nyuki nusu kikombe, kama 300, kutoka kwenye sega lenye majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, nyunyizia sukari ya unga, subiri dakika chache, kisha itikise juu ya sahani nyeupe. Utitiri utadondoka, uuhesabu mmoja mmoja. Ukifika tisa, sawa na watatu kwa kila nyuki mia, usingoje: tibu kwa timoli au asidi ya fomiki. Mvuke wa asidi hiyo hupenya hata kifuniko cha nta.

Majira ya baridi yana nafasi yake pia. Malkia akiacha kutaga, baada ya wiki tatu hivi hakuna kijumba cha vibarua kilichofunikwa. Utitiri wote sasa uko juu ya miili ya nyuki; kikulacho ki nguoni mwako, na nguo iko wazi. Hapo asidi ya oksaliki, ambayo haipenyi nta, hufanya kazi yake vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Chagua siku tulivu isiyo na mvua, funua haraka, dondoshea mililita 5 za maji ya sukari yenye dawa katika kila mwanya wenye nyuki, funika. Mara moja tu kwa msimu, kwani ukirudia utawadhuru nyuki wenyewe. Tumia iliyosajiliwa kwa nyuki, si ile ya kung'arisha mbao, na uvae glavu na miwani. Kesho yake vuta trei iliyo chini ya mzinga uone wekundu uliodondoka.

Kenya na Tanzania nako varoa ipo; iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2009. Lakini nyuki wa kwetu wengi wanaishi nayo bila dawa. Hugawanyika na kuhama mara kwa mara, na kila kundi linapohama huyaacha majana nyuma, utitiri ukakosa pa kuzalia. Kwa hiyo ndugu unayefuga Leeds usimtumie mjomba wa Tabora chupa ya asidi. Nyuki wake hawaihitaji. Wako wanaihitaji, na kalenda yao inaanza siku unayotoa sega la mwisho la asali.