Kuishi maisha mawili mtandaoni huchosha akili

Je, umewahi kuweka picha yako mtandaoni kisha ukaifuta baada ya dakika kumi kwa sababu hakuna aliyeipenda? Ikiwa umewahi, usijidhanie mgonjwa. Lakini ikiwa moyo hukuenda mbio kila simu inapolia, au huamka usiku wa manane kuangalia ni nani ametazama stetasi yako, basi jambo hili limeingia katika afya yako.

Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake. Zamani kijana wa Isiolo alijilinganisha na marika wake wa Bulla Pesa au Kambi Garba, watu aliowajua vizuri. Alijua ni nani mwenye ng'ombe wengi na ni nani aliyelala njaa. Leo anajilinganisha na mtu aliye Nairobi, Dubai au Minneapolis, ambaye huonyesha kipande tu cha maisha yake, tena kilichopambwa.

Katika kaunti hii shida hiyo ina uzito wa pekee. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufaulu mfululizo kaskazini mwa Kenya, na familia nyingi za wafugaji zikapoteza mifugo. Tuseme kuna kijana ambaye zizi la kwao limebaki tupu. Anasimama kando ya gari la mtu mwingine, anapiga picha na kuandika kwamba mambo ni shwari. Ni vigumu kumlaumu, maana aibu ya umaskini ni nzito. Tatizo ni kwamba picha hiyo hudai nyingine. Wiki ijayo atahitaji viatu vipya, pengine kwa mkopo wa simu. Jamaa wakimpigia kuomba msaada, hawezi kusema hana. Na siku atakapozidiwa yeye mwenyewe, hakuna atakayejua, kwa kuwa kila mtu anaamini amefanikiwa. Upweke wa namna hii ndio unaotia wasiwasi zaidi, kwani hukosesha usingizi na humfanya mtu awakwepe hata wale wanaompenda.

Kwa wasichana, mara nyingi mambo huanzia usoni. Filta ya simu hulainisha ngozi na kuing'arisha kwa nukta moja tu. Baadaye msichana anapojitazama kwenye kioo anahisi kama ameibiwa kitu. Wengine hukimbilia krimu za kujichubua. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo, na nyingine zina steroidi kali ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba.

Je, simu itupwe? La. Mama anayepeleka maziwa ya ngamia Eastleigh hawezi kufanya biashara bila simu. Linalosaidia ni kupunguza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 nchini Kanada, vijana 220 wa miaka 17 hadi 25 waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni walihusishwa. Baadhi yao walitakiwa kutumia mitandao ya kijamii kwa muda usiozidi saa moja kwa siku. Baada ya majuma matatu, hao waliopunguza waliridhika zaidi na sura na uzito wao kuliko wenzao walioendelea kama kawaida.

Kuna wanaodhani kwamba kuwa mkweli mtandaoni ni kumwaga kila kitu: ugomvi wa nyumbani, ujauzito, hata majibu ya hospitali. Sikubaliani nao. Kuweka siri si kusema uongo. Wazee wa Kiborana wanapokutana huulizana kwanza juu ya amani, kisha watu wa nyumbani, mifugo, malisho na mvua. Kila habari ina wakati wake na mtu wake. Mtandaoni utaratibu huo haupo. Picha moja huonwa na nyanya aliye Merti, mwalimu, mchumba na binamu aliye ughaibuni, na kila mmoja huisoma kivyake. Msichana anayevaa buibui nyumbani na suruali ndefu chuoni si mnafiki. Ni mtu yule yule, ila hadhira zake mbili zimechanganywa.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza, amua unazungumza na nani. WhatsApp hukuruhusu kuchagua watakaoona stetasi yako, na tangu Mei 2021 Instagram humruhusu mtu kuficha idadi ya waliopenda picha yake. Kisha jiulize: nikikutana na mtu aliyeiona picha hii pale stejini, nitalazimika kuendeleza hadithi ambayo si yangu? Ikiwa ndivyo, iache. Kumbuka pia kwamba hata uliyemwamini anaweza kuisambaza.

Hilo likitokea, sheria ipo. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao, kifungu cha 37, inamtoza anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Picha ya kawaida nayo inalindwa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya klabu ya Casa Vera jijini Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Usifute ujumbe wa anayekutisha, kwani huo ndio ushahidi.

Usingizi ukipotea kwa majuma mawili, au ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu mmoja anayekujua ana kwa ana, kisha mwende pamoja katika kituo cha afya kilicho karibu. Watoto na vijana wanaweza kupiga 116, simu ya Childline Kenya, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kupitia 1199. Nambari zote mbili hazitozwi malipo.