Kamalondo iko karibu na mitambo, mbona redio inakwaruza?

Stesheni moja inasikika safi, ya pili ya jiji hilohilo inakwaruza, na zote mbili zinarusha matangazo kutoka humuhumu Lubumbashi. Katika nyumba nyingi za Kamalondo jambo hili ni la kila siku. Watu husema mtambo wa stesheni ile ni dhaifu, na mara nyingine ni kweli. Lakini kwa mtaa ulio jirani na katikati ya jiji, mimi naanza kutafuta kasoro ndani ya nyumba.

Umbali hauwezi kulaumiwa. Lubumbashi imekaa juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na haina milima ya kutisha. Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlingoti wa mita 50 kwenye ardhi tambarare huyafikisha kilomita 29 hivi kabla mviringo wa dunia haujayakinga. Kamalondo imo ndani kabisa ya eneo hilo.

Kinachoyapunguza nguvu kwanza ni malata. Bati halipitishi mawimbi ya redio, huyarudisha. Tofali la kuchoma hupitisha sehemu kubwa, kwa hiyo ndani ya nyumba iliyoezekwa malata redio hupata kile kinachopita ukutani, mlangoni na dirishani. Na dirisha lenye vyuma vilivyochomelewa kimsalaba linaziba pia, hata kama jicho linaona mwanga: nafasi ya sentimita 15 ni finyu mno kwa wimbi lenye urefu wa mita 3.

Urefu huo wa wimbi ndio unaoeleza jambo linalowashangaza wengi. Wimbi la stesheni hufika mezani pako moja kwa moja kutoka mlingotini, kisha nakala zake hufika zikichelewa kidogo baada ya kugonga paa la jirani, jengo la ghorofa, au saruji na chuma cha uwanja wa TP Mazembe. Zikikutana zikiwa sambamba, zinaongezana. Zikikutana kinyume, zinauana, na mahali hapo panakuwa na shimo la sauti. Kutoka shimo hadi mahali penye nguvu ni robo tu ya wimbi: sentimita 85 kwa stesheni ya megahezi 88, sentimita 70 kwa ile ya 107. Kwa sababu vipimo havilingani, mashimo ya kila stesheni yako mahali pake. Meza ileile inaifaa stesheni moja na kuiua nyingine. Basi sogeza redio hatua moja kuelekea dirishani, usikilize, halafu sogeza tena. Dawa hii haigharimu hata faranga moja, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Kuna kasoro nyingine inayotokana na nguvu kupita kiasi. Redio ya bei nafuu iliyo karibu na mitambo kadhaa hulemewa. Stesheni mbili kali, tuseme moja kwenye 92 na nyingine kwenye 96, huchanganyika ndani ya redio yenyewe na kuzaa vivuli kwenye 88 na 100. Kama stesheni unayoipenda iko hapo, utasikia sauti za watu wengine juu yake, nawe utamlaumu mtangazaji asiye na kosa. Hapa kurefusha antena kunazidisha ubaya. Ikunje nusu, na mara nyingi vivuli vitaondoka.

Kisha kuna kelele za umeme. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepata hataza za FM mwaka 1933, aliibuni ili kushinda kelele, na kweli inazishinda, mradi wimbi liwe na nguvu. Likishadhoofishwa na malata na vyuma vya dirisha, taa ya LED ya bei rahisi, chaja ya simu au kifaa cha sola kinaweza kulizidi. Nyumba nyingi zimejaza vifaa hivi kwa sababu umeme wa SNEL unakatika ovyo. Kuvikamata si kazi ngumu. Washa redio kwa betri, itege pale inapokwaruza, kisha chomoa kimoja baada ya kingine. Ukifikia mkosaji, mkwaruzo unanyamaza papo hapo. Ukibaki mvumo mwembamba tu na redio ina swichi ya stirio, izime: sauti itabana kidogo, lakini maneno yatasikika.

Ukishafanya yote hayo, peleka redio uani, mbali na kuta, kisha uliza na kwa jirani. Ikikwaruza hata huko, sasa ni zamu ya stesheni. Huenda inarusha kwa nguvu ndogo ili kubana mafuta ya jenereta, au antena yake imeharibika. Andika saa, siku na masafa, uvipeleke kwa fundi wao, maana fundi aliyekaa studio hasikii kinachosikika Kamalondo. Na ikiwa ni stesheni nyingine inayoipanda kwenye masafa yaleyale hata uani, fundi wa stesheni hana la kufanya. Hilo ni la ARPTC, mamlaka ya Kongo ya kusimamia posta na mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002, na stesheni yenyewe ndiyo inayopaswa kulipeleka huko, ikiwa na orodha ya saa na mitaa mliyoiandika ninyi wasikilizaji.