Kununua Mashine ya Kwanza ya Kuoshea kwa Presha ya Maji

Anayefanya biashara ya usafi mjini Tabora kwa ndoo, brashi na dekio hufikia wakati ambapo mteja humuuliza jambo jingine: je, anaweza pia kuosha pevingi za uani, ukuta wa uzio uliokolea vumbi jekundu, au lori lililorudi kutoka Mpanda wakati wa masika? Kazi hizo huhitaji mashine ya kuoshea kwa presha ya maji. Mashine ya namna hiyo huwa ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ambavyo biashara hiyo imewahi kununua, na fedha yake kwa kawaida ni akiba ya muda mrefu au mkopo. Wapo pia wanaotumia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hausubiri mashine itengenezwe. Ikiharibika mwezi wa tatu, marejesho ya mwezi wa nne yanabaki palepale, na katika kikundi wanaoyalipa ni wanachama wote, pamoja na yule aliyepinga ununuzi tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo tunaanza na maandishi yaliyo kwenye mashine yenyewe.

Tabora ilipokuwa bado ikijulikana kwa wageni kwa jina la Kazeh, na misafara iliyotoka Bagamoyo ikipumzika Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji, merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kipimo kilijulikana na kila mtu. Ubishi ulikuwa juu ya mkono wa nani. Presha ya mashine za kuoshea hupimwa kwa bar, au kwa psi katika mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambapo bar 1 ni sawa na psi 14.5 hivi. Hapa nako kipimo ni kimoja, lakini namba iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni presha ya juu kabisa ambayo pampu hufikia kwa nukta chache. Presha ya kazi, ile ambayo mashine huihimili saa nzima, huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati cha taarifa kilichobandikwa kwenye mota. Mnunuzi asome kibati, siyo boksi.

Namba ya pili, ambayo wauzaji wengi huitaja kwa sauti ndogo, ni kiasi cha maji kinachotoka kwa dakika. Presha hubandua uchafu. Wingi wa maji ndio huuchukua na kuuondoa. Mashine ya bar 150 inayotoa lita 5 kwa dakika itachora mistari mizuri kwenye pevingi, kisha itakuacha ukisukuma tope kwa ufagio. Kwa kazi ya kulipwa, tunaona lita 7 hadi 9 kwa dakika zina manufaa zaidi kuliko kuongezewa bar 50.

Ipo hesabu fupi inayomwezesha mnunuzi kutambua maandishi ya uongo akiwa bado dukani. Zidisha bar kwa lita za dakika moja, kisha gawanya kwa 600. Jibu ni nguvu, kwa kilowati, inayohitajika kusukuma maji hayo kwa presha hiyo. Tuseme mashine imeandikwa bar 110 na lita 6: 110 mara 6 ni 660, na ukigawanya kwa 600 unapata kilowati 1.1. Mota ya wati 1,600 inaweza kazi hiyo na kubakiwa na akiba ya kufidia nguvu inayopotea ndani ya pampu. Sasa chukua nyingine iliyoandikwa bar 220, lita 10 na mota ya wati 1,800. Jibu ni kilowati 3.67, yaani zaidi ya mara mbili ya umeme ambao mota hiyo inakula. Hakuna pampu inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopewa. Ni kweli kwamba hata mtengenezaji mwaminifu huandika presha ya juu kabisa na maji mengi kabisa ingawa viwili hivyo havipatikani kwa wakati mmoja, hivyo tofauti ndogo isimshtue mnunuzi. Tofauti ya maradufu ni jambo jingine. Mashine hiyo iachwe, hata kama bei yake inavutia, na hasa kama bei yake inavutia.

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine za mitumba zilizotoka Japani huwa za volti 100, na zile za Marekani volti 120. Transfoma ya kuiendesha mota ya kilowati 2 ni nzito na bei yake humaliza unafuu wote uliotarajiwa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban kilowati 3, kwa hiyo mashine ya umeme inayozidi hapo itahitaji waya na soketi ya peke yake. Wengine huinunua mashine inayofaa kisha wakaiua kwa waya wa kuongezea. Waya mwembamba wa mita 30 hupunguza volti, mota hupata joto, na siku moja hunuka moshi. Waya uwe na unene wa milimita mraba 2.5, na ukunjuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake kabla ya kuanza kazi.

Mota zenyewe ni za aina mbili. Ile yenye kaboni ndani ni nyepesi, hupiga kelele kali, na imekusudiwa mwenye nyumba anayeosha gari lake mara moja kwa wiki. Ile isiyo na kaboni, ambayo mafundi huiita mota ya indaksheni, ni nzito, huunguruma taratibu na huvumilia kazi ya kutwa. Kunyanyua mashine mbili zinazofanana kwa umbo humwambia mnunuzi mengi. Aulize pia kichwa cha pampu ni cha nini. Shaba nyeupe au njano hudumu. Aluminiamu hufaa kwa kazi ya wastani. Plastiki haifai kwa biashara, hata muuzaji akiisifu namna gani.

Swali la umeme au petroli lina jibu lake mahali kazi ilipo. Kwa nyumba za wageni, maduka na ofisi za mjini, tunashauri kuanza na mashine ya umeme. Matumizi yake ni rahisi kukadiria: mota ya kilowati 2 ikifanya kazi saa tatu itakula uniti 6 za LUKU, na mtoa huduma anaweza kuziingiza katika bei yake mapema, au kukubaliana na mteja anayetoa umeme. Mashine ya petroli inamfaa anayefuata kazi Sikonge, Urambo au Kaliua kwenye yadi za malori na maghala ambako soketi haipo karibu. Huyo akumbuke mambo mawili. Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake katika mwinuko huo, kwa hiyo namba za kwenye kibati zisichukuliwe kama zilivyo. La pili halina mjadala: injini ya petroli haiwashwi ndani ya chumba, ghala lililofungwa au kwenye korido ya nyumba ya wageni. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua, na anayeivuta husikia usingizi kabla hajasikia hatari.

Kuhusu maji, wakazi wa Tabora hawahitaji kufundishwa kwamba bomba linaweza kutoka asubuhi na kukauka mchana. Maji ya Ziwa Victoria yameongezea yale ya bwawa la Igombe, lakini msukumo wa bomba la mtaa haufanani kila mahali. Upimwe kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, bomba linatoa lita 10 kwa dakika na litaitosheleza mashine ya lita 8. Ikichukua dakika 4, bomba linatoa lita 5 tu, na mashine itavuta hewa. Pampu inayozunguka bila maji ya kutosha huunguza sili zake kwa muda mfupi, na uharibifu huo haumo katika udhamini wowote tuujuao. Tiba yake ni simtanki ya lita 500 au 1,000 juu ya mkokoteni au pikapu. Kwa lita 8 kwa dakika, tangi la lita 1,000 huisha kwa muda wa saa mbili hivi za kubonyeza kitufe. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama mashine inaweza kujivutia maji kutoka kwenye tangi au lazima isukumiwe, na uone ikifanya hivyo. Chujio la kwenye mlango wa maji lisikosekane, kwani mchanga wetu ni mwembamba. Tangi likae kivulini, kwa kuwa mashine nyingi zimeandikwa zisiingizwe maji yanayozidi nyuzi 40, na tangi jeusi lililoshinda juani mwezi Oktoba linaweza kukaribia kiwango hicho.

Vifaa vya ziada huwashawishi sana wanunuzi wapya. Sahani ya mviringo ya kuoshea sakafu ni kifaa kizuri, lakini huhitaji maji mengi kuliko mashine nyingi za kuanzia zinavyotoa. Isubiri mashine ya pili. Kinachofaa kununuliwa pamoja na mashine ni mpira wa presha wa mita 15 au 20, sili za akiba, miwani, buti za mpira, na seti ya nozeli. Rangi za nozeli zina maana yake. Nyekundu hutoa mshale wa maji wa nyuzi 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu tungependa ibaki ndani ya boksi. Mshale wake huchana tairi, na hupenya ngozi ya mwanadamu. Jeraha lake linaweza kuonekana dogo kama la sindano huku maji na uchafu vikiwa vimeingia ndani kabisa ya mkono. Aliyepatwa nalo apelekwe hospitali siku hiyohiyo na aeleze kilichomjeruhi.

Zipo kazi zisizopaswa kukubaliwa. Mapaa ya asbesto yaliyobaki juu ya baadhi ya majengo ya zamani yasioshwe kwa presha kamwe, kwa kuwa maji hung'oa nyuzinyuzi zinazoingia mapafuni na kuleta ugonjwa miaka mingi baadaye. Kuta za matofali ya udongo, na zile zilizopigwa lipu ya udongo au chokaa kama zilivyo nyumba za tembe, huyeyuka mbele ya mashine. Majengo yanayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yasiguswe bila idhini ya mamlaka husika, hata kama aliyekutuma ni msimamizi wa eneo. Kwa kuta nyingine zenye shaka, jaribu kwanza kwa nozeli nyeupe mahali pasipoonekana, na uandikiane na mteja nani atalipa rangi ikibanduka. Upande wa umeme, mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ardhi na aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja. Maji na umeme vitakuwa mikononi mwa mtu mmoja kutwa nzima.

Wengi hununua Kariakoo kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi. Njia hiyo si mbaya, lakini humwondolea mnunuzi nafasi ya kuijaribu mashine. Tunashauri amtume ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam ashuhudie mashine ikiwashwa kwa maji, apige picha kibati cha taarifa na namba ya mashine, na aulize kama sili na vali zake zinauzwa zenyewe. Ikiwezekana, kodi mashine ya aina hiyo kwa siku mbili kabla ya kulipa. Siku mbili za kazi hufundisha kuliko maelezo yetu haya.

Risiti ya EFD idaiwe, iandikwe jina na namba ya mashine, na udhamini uwe wa maandishi yanayotaja muda na kinachohusika. Kauli ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" iliyobandikwa ukutani haifuti haki za mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicholingana na maelezo yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Mashine ikionyesha kasoro, acha kuitumia siku hiyohiyo na usiifungue, kwani skrubu zilizokwaruzwa ndiyo hoja ya kwanza ya muuzaji. Mwandikie, taja tarehe, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au Shirika la Viwango Tanzania ikiwa tatizo ni ubora au usalama wa bidhaa, ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya kibati, picha ya boksi na ujumbe mliotumiana. Nakala halisi za karatasi hizo zibaki kwako.